Kiwanja chenye Kichuguu

Siku ile tuliyokwenda kuonyeshwa kiwanja chetu naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, mtoto mgongoni, na mume wangu mbele yangu hataki hata kugeuka kunitazama. Waliokutana nasi walidhani tumetoka kuzika. Mwanamke mmoja alinipa pole, nami nikaipokea.

Umeniambia una akiba kidogo, unataka kununua kiwanja, ujenge, upangishe, upate kuishi bila kumtegemea bosi. Umeniuliza uanzie wapi. Najua umeshawasikiliza komisioneri, wale wanaouza viwanja huku wakitazama saa. Sasa kaa unisikilize na mimi. Hesabu sitakufundisha, unazijua kunishinda. Nitakueleza jinsi mimi na Baba Toma tulivyopata paa letu wenyewe katika mji huu huu, ulipokuwa bado Elisabethville ya Wabelgiji, wakati mtu mweusi hakuweza kununua hata upana wa mkeka kule mjini kwa wazungu.

Mume wangu alibatizwa Raphaël, lakini tangu mwanetu wa kwanza azaliwe watu wote walimwita Baba Toma, nami nikawa Mama Toma. Alifanya kazi katika kiwanda cha unga. Tulikaa kambini, katika nyumba ya kampuni, na bomba la maji lilikuwa karibu na posho tulipewa kila juma. Ukitutazama kwa haraka ungesema tumeshafika. Lakini nyumba ile ilikuwa ya kazi, haikuwa yetu. Mfanyakazi akifa, akiumia, au akizeeka tu, kitabu chake cha kazi kilipigwa muhuri, na familia ikatoka kumpisha mwingine. Niliwaona majirani wengi wakitoka hivyo, masufuria kichwani, kwenda kupanda gari la moshi. Walirudi kaskazini au Kasai walikotoka, na watoto waliokuwa wameanza kusoma kwa masista wakaacha shule.

Na Baba Toma alikuwa anakohoa. Vumbi la unga lilikuwa limemkaa kifuani. Yeye alisema ni baridi ya kipupwe tu, lakini mimi ndiye niliyefua leso zake. Nilijua siku ya muhuri wetu iko njiani, na kila alipokohoa niliwatazama watoto na kujiuliza watalala wapi.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba ofisi ya cité, yaani mitaa ya watu weusi, inagawa viwanja katika mtaa mpya wa Katuba, nilimvuta Baba Toma kwa shati hadi kwenye mstari. Sharti lilikuwa moja na halikuwa na huruma. Ukipewa kiwanja, au lupango kama tunavyosema sisi, uwe umesimamisha nyumba ya matofali yenye paa la mabati kabla mvua hazijashika. Ukishindwa, lupango anapewa mwingine, na wewe unarudi nyuma ya mstari. Kwa mtu mwenye kifua kama cha mume wangu, kurudi nyuma ya mstari maana yake ilikuwa gari la moshi.

Tukapewa. Karani akatupeleka, akaonyesha kwa kidole, akaondoka upesi. Katikati ya kiwanja chetu palikuwa na kichuguu. Si kile kidogo cha kukalia. Unavijua vichuguu vya Katanga hii. Hiki kilikuwa kirefu kuliko nyumba yetu ya kambini, kimeota miti juu, na kimekula karibu nusu ya ardhi. Mwenzake Baba Toma wa kiwandani, Alphonse, alikuwa amepewa kiwanja chini kidogo ya mteremko, tambarare kabisa, udongo mweusi laini, na kipo pembeni pa barabara kubwa. Alphonse alipoona kichuguu chetu alicheka mpaka akashika mbavu.

“Raphaël, balikupatia kilima! Utakuwa mufalme ya muchwa!”

Alphonse hakuwa mtu mbaya, alipenda tu kucheka. Lakini Baba Toma aliaibika, na mimi nikaanza yale machozi niliyokuambia.

Tulipofika nyumbani Baba Toma alisema atakirudisha kiwanja asubuhi, angoje ugawaji mwingine. Angoje! Na kifua kile! Nilichukua kitenge changu kizuri, kile cha Pasaka, nikaenda kwa Pauline, mke wa Alphonse. Nikamwomba amshawishi mume wake tubadilishane viwanja, na juu yake nitampa kitenge na sufuria yangu kubwa. Pauline alikishika kitenge kile akakigeuza huku na huku, akasema atazungumza na mume wake. Nilitoka pale nimefurahi, najiona mjanja kuliko wanawake wote wa kambi.

Mama Salome ndiye aliyenizuia. Alikuwa shangazi wa Baba Toma, dada wa baba yake, mjane aliyekuwa na nyumba yake katika mtaa wa hapa hapa mjini uitwao Kenya, na vyumba vya kupangisha uani. Mwanamke mfupi, mkali, sauti ya kuita watu sokoni. Alikuja kututembelea kesho yake, akanikuta naosha ile sufuria ya kumpelekea Pauline, macho bado mekundu.

“We Mama Toma, uko unalia nini?”

Nikamweleza yote, pamoja na mpango wangu wa kubadilishana. Nilitegemea anisifu. Akasimama, akafunga kitambaa chake vizuri, akanishika mkono, tukaenda Katuba kwa miguu. Alipofika alivua viatu, akapanda kichuguu kile, akachimbua udongo kwa kisu, akautemea mate, akaufinyanga mkononi mpaka ukawa tonge. Akanipa.

“Kamata. Vunja.”

Nilifinya kwa nguvu. Tonge likabonyea lakini halikuachana.

“Unaona? Ile njo nyumba yako. Balikupatia lupango na matafari ndani, na weye unalia? Alphonse atatoa matafari wapi? Atalipa falanga, ao atachimba mu lupango yake mwenyewe. Na ile fasi yake, ulishaiona wakati ya mvua?”

“Hapana, Mama.”

“Muchwa haijengake fasi maji inasimama. Mi niko na miaka mingi mu hii mugini, nilishaona nyumba zinaanguka. Unataka kubadirisha kintu yenye haujue na ingine yenye haujue, na unaongeza sufuria! Akili yako iko wapi?”

Nilitazama chini. Umri wangu ule, nilikuwa nimezoea watu kuniambia mimi ni mwerevu, na maneno yale yaliniuma. Lakini niliona kwamba sikuwa nimeuliza hata swali moja. Sikuuliza maji yanapita wapi, sikuuliza matofali yatatoka wapi, sikumuuliza mtu yeyote aliyekaa karibu na pale. Nilikuwa nimetazama macho ya watu wanaocheka, basi. Siku hiyo hiyo nilimwambia Pauline kwamba nimeghairi, na akanuna kwa sababu ya kitenge.

Kulikuwa bado na jambo la heshima. Kwetu watu hawachimbi kichuguu kikubwa bila kuomba, kwa kuwa inasemekana pana wenyewe. Mama Salome alinyunyiza unga mweupe upande wa mawio ya jua, akazungumza na hao wenye mahali kwa Kiluba, taratibu, kama mtu anayeomba njia. Baba Toma, Mkatoliki wa medali shingoni, alienda upande wa pili akafanya ishara ya msalaba, akasali Baba Yetu kwa sauti ili shangazi amsikie. Sijui ni nani aliyesikilizwa. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo hakuna aliyeogopa kushika jembe.

Kazi ikaanza, mwanangu, na hapo ndipo nilipojifahamu. Baba Toma alikuwa kiwandani mchana kutwa. Mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonya. Pesa ya kuajiri watu hatukuwa nayo. Nilichimba asubuhi moja, nikatazama nilichochimba, nikatazama kichuguu, nikajua hivi nitakuwa hapa mpaka nywele ziwe nyeupe.

Kisha majirani wakaanza kuja. Viwanja vyao vilikuwa na mchanga, na matofali ya mchanga yanavunjika mkononi. Wa kwanza alitaka kununua udongo wetu. Baba Toma akafurahi, akaanza kutaja bei. Mimi nikaingilia, nikamwambia yule jirani kwamba udongo hatuuzi. Achukue anavyotaka, lakini afyatue matofali hapa hapa kwetu, na kila rundo atakalofyatua kwa ajili yake, afyatue na lingine kama hilo kwa ajili yetu. Jirani akawaza, akakubali. Wa pili akaja. Wiki zilivyopita, kiwanja chetu kikawa na watu kuliko soko. Mimi nilibeba maji kutoka kwenye bomba la mwisho wa barabara, nikakata majani ya kufunika matofali yasipasuke kwa jua, nikapika uji kwa wote. Miti iliyokuwa juu ya kichuguu ndiyo iliyochoma tanuru. Malkia wa mchwa tulimtoa siku moja, na kuku wa Mama Salome wakamla. Kile kilima alichokicheka Alphonse kilikuwa kinashuka kila siku bila sisi kumlipa mtu.

Mama Salome alikuja mara kwa mara kusimamia, na alikuwa na amri ambazo hakuzieleza mara mbili. Amri kubwa ilikuwa hii: tukishafika usawa wa barabara, tunaacha kuchimba. Ilipofika siku hiyo, udongo wa chini ulikuwa bado mzuri, na majirani wakataka kuendelea. Wakasema shimo tutalifukia baadaye. Nikasimama katikati na jembe langu.

“Hapana. Udongo iliisha.”

“Mama Toma, udongo ungine iko mingi!”

“Kwenu iliisha. Mwende.”

Walinung'unika, wakaniita mchoyo. Wengine hawakunisalimu mpaka mvua. Na pale kichuguu kiliposimama hatukujenga kitu, kwa kuwa udongo ule ukinywa maji huvimba, na kuta zilizo juu yake hupasuka. Nilipanda lengalenga, mchicha wa kwetu, na maboga, na hayo tulikula miaka mingi.

Alphonse yeye hakuja kwetu, na nadhani aliona aibu baada ya kutucheka. Alichimba matofali yake nyuma ya kiwanja chake mwenyewe, katika ule udongo mweusi, akaacha shimo ambalo watoto walikuwa wanachezea. Na nyumba aliyokuwa anaianza ilikuwa kubwa, na nguzo mbele kama za wazungu wa mjini. Watu walisimama barabarani kuitazama. Baba Toma naye alisimama kuitazama, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipozaliwa.

Jumapili moja baada ya misa, nilimkuta kiwanjani amechomeka vigingi na kufunga kamba. Alikuwa amepima nyumba ya barabarani, yenye sebule, vyumba pande zote mbili, na veranda ndefu ya kukaa jioni. Watu wanaotoka kanisani walikuwa wanapita wakimpigia makofi. Alikuwa anatabasamu kama siku ya harusi yetu. Mwanangu, nilimpenda mtu yule, na kumwona hivyo kulinifurahisha. Lakini niliyajua mabati yetu. Nilikuwa nimeyanunua mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa karanga za shamba langu na kwa kilichobaki cha mshahara. Yalitosha kufunika nyumba ndogo. Ile ya vigingi yasingeifunika hata nusu.

“Baba Toma, mabati ya kufunika hii yote iko wapi?”

“Tutapata.”

“Mbele ya mvua?”

Akakohoa, akageukia watu. Basi nikainama, nikang'oa kigingi cha kwanza. Nikaenda kwa cha pili. Alidhani natania. Nilipofika kile cha veranda, akanishika mkono.

“Mama Toma! Unanipatisha haya mbele ya bantu!”

“Bale bantu batatupatia fasi ya kulala? Kitabu yako bakiipiga muhuri, batatukaribisha kwabo? Veranda utapata, naapa kwa Mungu utapata. Lakini kwanza paa juu ya batoto.”

Aliniachia mkono. Aliondoka, akavuka barabara, akaenda moja kwa moja bila kutazama nyuma. Watu walitawanyika taratibu, wengine wakicheka, na mwanamke mmoja akaniambia mume hafanyiwi hivyo. Nikaendelea kung'oa. Kisha nikavichomeka vigingi nyuma kabisa ya kiwanja, nyumba ndogo ya vyumba vitatu kwenye mstari, vile ambavyo leo mnaviita annexe. Mbele nikaacha peupe.

Baba Toma alirudi jua likiwa limeshuka. Alitazama vigingi vyangu, akasema kamba haijanyooka, akainama akainyoosha. Sikumuuliza alikuwa wapi. Mama Salome aliniambia baadaye sana kwamba alikwenda kwake kunishtaki, naye akamwekea chakula, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali lile lile la mabati.

Tulijenga juu ya msingi wa mawe. Kuta zilipofika juu na mabati ya mwisho yalipogongwa misumari, hatukuwa na milango wala madirisha. Na juma hilo hilo daktari wa kampuni akamsikiliza Baba Toma kifua, na kitabu kikapigwa muhuri. Tukaambiwa tutoke kabla ya mwisho wa mwezi. Baba Toma alikuja nyumbani mchana na kitabu mkononi, akakaa kitandani, akasema tu, “Njo ile siku.” Nikamwambia avue viatu ale, halafu tufunge mizigo.

Tulitoka kambini mchana peupe. Masufuria yangu yalikuwa kichwani pangu kama ya wale wote niliowaona, lakini tulipofika njia panda ya kwenda stesheni, sisi tulikata kuelekea Katuba. Toma aliniuliza kama tunakwenda kwa wageni. Nikamwambia tunakwenda kwetu. Tukatundika magunia mlangoni tukaingia. Mvua ya kwanza ilipopiga mabati yale nilisimama katikati ya chumba, nikasikiliza, nikalia tena, na safari hii sikuhitaji pole ya mtu. Mtu wa ofisi alipita na mwavuli wake, akatazama paa letu, akaandika, akaenda nyumba ya pili.

Kwa Alphonse nako aliandika. Kuta zake nzuri zilikuwa zimesimama bila paa, nguzo na kila kitu. Maji ya mteremko wote yalikuwa yanashuka kwake, yakajaza lile shimo la nyuma, na ukuta wa upande ule ukalala chini. Ofisi ikampa mtu mwingine kiwanja. Kiwanda kilipopunguza watu, Alphonse akawa mmoja wao, naye hakuwa na mahali pa kwenda. Niliwasindikiza stesheni. Binti yao alikuwa darasa moja na Toma. Alikuwa amempa Toma kalamu zake zote shuleni, akasema huko wanakokwenda hakuna masista. Pauline alinikumbatia. Nilirudi peke yangu kwa miguu, nikijua ni mimi niliyetaka kiwanja kile, na ningekipata.

Sasa upangishaji, maana hilo nalo umeuliza. Tulikaa katika vyumba viwili, cha tatu tukakitia mlango kabla ya vyetu, kwa sababu ndicho kingetulisha. Kabla chokaa haijakauka, mdogo wake Baba Toma akaja na sanduku lake. Kwetu ndugu haulizwi atakaa mpaka lini. Baba Toma alikuwa ameshaanza kumfungulia kile chumba cha tatu. Nikamwambia shemeji, mbele ya kaka yake, kwamba chakula aje ale kila siku ya Mungu, na mkeka atapata pembeni ya watoto mpaka apate kazi, lakini chumba kile kina kazi yake. Alikasirika. Alikula kwangu miezi mingi akiwa amekasirika, nami nikampakulia vizuri.

Chumba tukampa mwalimu mmoja wa Kasai na mke wake. Kabla ya kumpa, Mama Salome alinituma pale mwalimu alipokuwa anapanga zamani. Sikumuuliza mwenye nyumba wake, niliwauliza wanawake wa bombani. Wakaniambia analipa, hapigi mke, na mkewe anafagia mpaka kwa jirani. Walikaa nasi mpaka watoto wao wakawaita watoto wangu ndugu. Kodi yao tuliigeuza mabati, bila kuigeuza nyama wala pombe, na miaka ilivyopita nyumba ya mbele ikasimama.

Ikawa na veranda. Baba Toma alikaa pale kila jioni na blanketi magotini, akiwasalimu wapita njia kama chifu. Aliwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyeichora. Nilimwacha aseme. Kabla kifua hakijamshinda, alikwenda ofisini na shangazi yake akiwa shahidi, akaandikisha kiwanja kwa majina ya watoto wetu. Alifia chumbani kwake. Ndugu walikuja kuzungumza habari za nyumba, kama ndugu wanavyofanya, na Mama Salome akawaonyesha majina. Tulipotoka makaburini, tulirudi nyumbani, nikawasha moto, watoto wakala, asubuhi wakaenda shule. Hakuna mtu aliyekuja kuniambia nitoke.

Kwa hiyo, mwanangu, usinunue kiwanja ulichokiona wakati wa jua tu. Ngoja mvua, vaa viatu vibovu, nenda ukasimame hapo, uone maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Waulize walio jirani, hasa wanawake, nani alikuwa na kiwanja hicho kabla na kwa nini ameondoka. Anayekuharakisha, mwache aharakishe wengine. Karatasi kazitafute ofisini kwa miguu yako mwenyewe, usiletewe. Kitu ambacho wengine wanakikimbia usikikimbie mpaka umekishika mkononi, na wanachokigombania pia kishike kwanza. Kama huna pesa ya kulipa watu, tafuta ulicho nacho ambacho wao hawana, mgawane.

Anza nyuma, anza kidogo, na usianze ukuta ambao hujui utaufunika kwa kitu gani. Usimpangishe mtu ambaye huwezi kumdai. Ndugu mlishe, mlaze, mpende, lakini chumba cha kodi kiache kifanye kazi yake. Na mkeo akikuuliza mabati yako wapi, usimgeukie mtu mwingine. Mjibu. Akichomoa vigingi vyako, utaumia, najua. Nenda ukapoe, kisha rudi umshikie kamba. Majina ya watoto yaandikwe ukiwa mzima unaweza kusimama. Na watu wakikucheka, wacha wacheke, wewe fyatua.

Inama nikuwekee mkono. Mungu wa baba zako akupe ardhi isiyosimamisha maji, akupe mke wa kukuuliza maswali magumu na moyo wa kuyavumilia. Wapangaji wako wawe watu wa amani, na watoto wako wasome mpaka wachoke wenyewe. Na siku mtu atakapokuja kukuambia utoke, akukute umesimama mahali ambapo hana ruhusa ya kukuambia.